Mbwa wa kuokota bata si mlinzi wa lango

Mhariri,

Jumapili mbili zilizopita, mwendo wa saa tatu asubuhi, kijana mmoja wa hapa Waithaka alibisha langoni pangu akiwa ameshika kamba ya kuanikia nguo. Mwisho wa kamba palikuwa na mbwa mweusi, dume, wa miezi kumi na minne, manyoya yamelika viwikoni kwa kulalia saruji. Jina lake Bosi. "Mzee," kijana akaniambia, "huyu amenishinda. Nilimnunua alinde boma, lakini mgeni akiingia, yeye humletea kiatu."

Nikamuuliza alimpata wapi. Kando ya barabara, akasema, kwa mtu aliyekuwa na watoto sita wa mbwa ndani ya katoni. Muuzaji alimwapia kwamba Labrador, ndiyo aina ya Bosi, ni mkali kupindukia: mfungie bandani mchana kutwa asizoee watu, mfungulie usiku, utaona mwenyewe. Kijana akatii mwaka mzima. Bosi ametafuna mlango wa banda, ameng'oa bomba la maji, ameangua soksi za majirani kwenye kamba zao. Na kila anachokiiba hakili. Hukibeba mdomoni akazunguka nacho uani, akitafuta mtu wa kumpa.

Hilo la mwisho ndilo lililonikalisha kuandika barua hii. Mbwa anayezunguka na soksi mdomoni akitafuta mtu wa kumpa si mjinga wala hana wazimu. Anaifanya kazi aliyozaliwa nayo, ila hapana aliyempokea. Nimefunza mbwa tangu 1979, miaka mingi kati ya hiyo nikiwa mshika mbwa wa kampuni ya ulinzi, na Bosi ni wa tisa kuletwa kwangu na kisa kama hiki. Ningependa wanaotaka kununua mbwa wa aina hii wajue wanachokinunua.

Wanaitwa ritriva, yaani mbwa wa kuokota na kuleta. Katika nchi za baridi kama Uingereza, Kanada na Marekani, bata huhama kwa makundi majira ya vuli, na wawindaji wenye leseni huwangojea alfajiri kando ya maji, wamejificha kwenye matete, bata bandia wakielea mbele yao. Bata akipigwa marisawa huanguka majini, pengine mita sitini kutoka ukingoni, kwenye maji ya kuganda mifupa. Mtu hawezi kumfuata. Mbwa ndiye hutumwa. Huogelea, humtwaa bata bila kumtoboa, humrudisha na kumkabidhi mkononi. Labrador, goldeni, na yule wa Chesapeake kule pwani ya Marekani, wote walizalishwa kizazi baada ya kizazi kwa ajili ya safari hiyo ya kwenda na kurudi.

Labrador asili yake ni Newfoundland, Kanada, ambako wavuvi walikuwa na mbwa weusi wa kuvuta kamba za nyavu na kuopoa samaki waliochomoka kwenye ndoana. Meli za samaki ziliwafikisha bandari ya Poole, Uingereza, mwanzoni mwa karne ya 19. Mabwana wa mashamba wakawapenda, na mbwa wa samaki akawa mbwa wa bata. Uingereza ilimwandikisha rasmi kama aina yake mwenyewe mwaka 1903. Goldeni ni wa Uskoti. Mwaka 1868 Lord Tweedmouth alimpandisha dume wa manjano aliyeitwa Nous kwa jike wa jamii ya mbwa waitwao spanieli wa maji, jina lake Belle, na kutoka hapo ukaanza ukoo.

Mtazame Labrador vizuri na utaiona kazi mwilini mwake. Manyoya ni ya tabaka mbili, ya chini mazito kama blanketi, ya juu yana mafuta yanayoyamwaga maji. Mkia ni mnene shinani kama wa fisimaji, ndio usukani wake. Vidole vimeungwa kwa ngozi. Na mdomo wake ni laini. Aliyefunzwa vyema hubeba yai la kuku kutoka jikoni hadi langoni likafika zima. Mbwa mwenye mdomo wa kutovunja yai, ndiye tunayemtaka amrarue mwizi?

Mimi kazi hii niliiona kwa macho. Mwaka 1974 nilikuwa na miaka kumi na sita, na baba yangu alikuwa mtunza mbwa katika shamba moja kando ya Ziwa Naivasha. Siku hizo uwindaji wa leseni ulikuwa halali. Mwenye shamba alikuwa na Labrador mweusi ti, na ingawa alikuwa na jina refu la Kizungu kwenye karatasi zake, sisi tulimwita Wino, akaitikia.

Alfajiri moja nilibeba mfuko wa risasi nyuma yao. Ukungu ulikuwa haujaondoka juu ya maji. Baba hakumruhusu Wino kugusa maji kabla ya kusimama yeye mwenyewe robo saa akiutazama uso wa ziwa, kwa sababu ya viboko. Palipokuwa na mapovu, au mafunjo yaliyolazwa upya, tulihamia kwingine hata kama bata walikuwa tele. Bwana alipiga mara mbili. Bata wa kwanza alianguka mbele yetu na Wino akamwona. Wa pili, wa mdomo wa njano, alipigwa bawa tu, akayumba, akaangukia nyuma ya kisiwa cha mafunjo, ambako sisi wawili tulimwona kwa sababu tulikuwa juu ya tuta, lakini mbwa chini hakumwona.

Wino akamleta wa kwanza. Kisha baba akamwelekeza kwa mkono, akamtuma kwenye maji matupu. Mbwa akaenda. Alipofika katikati baba akapuliza filimbi mara moja, na Wino akageuka mle mle majini, akawa anakanyaga maji, macho kwa baba. Baba akanyoosha mkono wa kulia. Wino akakata kulia. Filimbi tena, mkono juu: endelea mbele. Akapotea nyuma ya mafunjo. Tulingoja kwa muda ambao kwangu ulikuwa kama asubuhi nzima. Aliporudi alikuwa na bata mdomoni, yu hai, anapepesa macho, na baba alipompokea kwa mikono miwili akampapasa mbavu hakupata hata alama ya jino.

Nimeikumbuka siku ile mara nyingi kwa sababu ya yule bata wa pili. Bila mbwa angekaa ndani ya mafunjo na bawa lililovunjika siku mbili, tatu, nne, mpaka mwewe au njaa imkute. Watu hudhani mbwa ni wa kumsaidia mtu kuua. Kwa baba, mbwa alikuwa wa kuhakikisha hapana kilichojeruhiwa kikaachwa nyuma, na wawindaji wasio na mbwa aliwakataa kuwasindikiza, hata walipokuwa wageni wa mwajiri wake.

Mei 1977 serikali ilipiga marufuku uwindaji, na sheria ya wanyamapori ya 2013 inakataza kuwinda kwa kujifurahisha. Siilalamikii. Bata wanaotua Naivasha kuanzia Oktoba, wengine wametoka Ulaya na Asia kwa mabawa yao wenyewe, waacheni wapumzike. Lakini sheria haikubadilisha kilicho ndani ya mbwa. Bado anazaliwa akitaka kubeba kitu na kukuletea. Na mafunzo yote ya ritriva, kutoka hatua ya kwanza hadi karibu na ya mwisho, hufanywa bila ndege yeyote na bila bunduki. Hata Uingereza na Marekani wapo watu wengi wanaoshindanisha mbwa wao kwa vifurushi vya turubai tu. Hilo tunaliweza hapa Nairobi.

Nianze na kuchagua, maana hapo ndipo watu huharibu kila kitu kabla hata hawajafika nyumbani.

Usitazame mtoto wa mbwa kwanza. Omba kumwona mama. Muuzaji akikuambia mama yuko shambani, au amesafiri, au hapendi wageni, shika njia uende zako. Mama anayejificha au anayenguruma ukiwa umekaa kimya amekwisha kuwafundisha watoto wake kitu hicho. Mtazame anavyoinuka kutoka kulala. Akijisukuma kwa miguu ya mbele na kuburuta ya nyuma, au akitembea huku kiuno kikiyumba, huenda nyonga zake hazikai sawasawa ndani ya kikombe cha mfupa, na Labrador na goldeni hurithishana tatizo hilo. Mfugaji mwaminifu atakuwa amewapiga wazazi eksirei ya nyonga na kuwapima macho, kwa kuwa kuna upofu unaopita katika damu. Upo pia ugonjwa wa kurithi unaomfanya mbwa aliyekimbia sana aregee miguu ya nyuma na kuanguka. Siku hizi hupimwa kwa vinasaba. Uliza. Ukionekana msumbufu, sawa, utaishi na mbwa huyu miaka kumi hadi kumi na miwili.

Rangi isikupotoshe. Weusi, wa manjano na wa chokoleti wanaweza kuzaliwa tumbo moja siku moja. Nimeona watu wakiongeza pesa nyingi kwa sababu ya chokoleti, wakamwacha dada yake mweusi aliyekuwa bora mara tatu.

La muhimu zaidi ni kutofautisha ukoo wa kazi na ukoo wa maonyesho, yaani wa mbwa wanaoshindanishwa kwa sura. Wa maonyesho ni mpana, mzito, kichwa kama tofali, na mara nyingi mtulivu. Wa kazi ni mwembamba, mwepesi, macho hayatulii, na akikosa shughuli atajitafutia. Mtu anayeishi nyumba ya kupanga yenye uwa wa hatua kumi asichukue wa kazi hata akipewa bure.

Kisha nenda kwa watoto wenyewe, wakiwa na wiki saba au nane. Chini ya wiki nane wasitoke kwa mama. Baba alikuwa akibeba bawa kavu la njiwa mfukoni. Alichuchumaa, akalitupa hatua mbili mbele ya mmoja mmoja, mbali na wenzake, akanyamaza. Wapo walioliogopa. Wapo waliolikamata wakakimbilia kona kulitafuna. Alimtafuta yule aliyelibeba, akatembea nalo kidogo, kisha akainua uso kumtazama mtu. Huyo alimwita "mwenye kuuliza." Baadaye aliangusha kikombe cha bati sakafuni, si karibu sana. Mtoto mzuri hushtuka. Kushtuka si kosa. Anayerudi kukinusa kikombe ndiye wa kuchukua, na anayebaki chini ya kiti akitetemeka atateseka siku ya kwanza ya radi. Mimi hutumia karatasi ya chooni iliyofinyangwa badala ya bawa, na kipimo bado kinafanya kazi.

Kabla hujampeleka popote palipopita mbwa wengine, mkamilishie chanjo. Ugonjwa wa parvo unaua watoto wa mbwa Nairobi kila msimu, kwa kuhara damu, na maji ya sukari na chumvi nyumbani hayatoshi. Ya kichaa cha mbwa hupigwa akifika miezi mitatu, na hurudiwa. Hiyo si ya mbwa peke yake, ni ya watoto wa mtaa mzima.

Sasa mafunzo. Nitakaa hapa kidogo.

Watu wengi huanza kwa kurusha. Wananunua mpira, wanaurusha mara arobaini, mbwa anaukimbilia mara arobaini, wanafurahi, wanapiga picha. Baada ya miezi mitatu wana mbwa anayebweka kila mkono ukiinuka, asiyeweza kukaa, anayekata kamba akimwona kunguru. Wamemfundisha kukimbia tu. Ritriva wa bata hukaa kimya saa nzima kwenye baridi, bata wakipita juu, bunduki zikilia, wenzake wakitumwa, naye hainuki mpaka jina lake litajwe. Kukaa ndiko kunakofundishwa kwanza, na ndiko kugumu.

Kwa hiyo wiki za mwanzo ni jina lake na neno "njoo," na kila akija apate kitu: chembe ya ini, mkono kifuani, sauti ya furaha. Usimwite kamwe ili umwadhibu. Mbwa aliyeitwa akaja akapigwa hatakuja siku utakayomwita kumwepusha na gari. Kisha "kaa," kabla ya bakuli, kabla ya mlango, kabla ya kila kitu anachokitaka. Muda wa somo ni dakika tano kwa mtoto, na robo saa kwa mkubwa, mara mbili kwa siku. Zaidi ya hapo unajifunza wewe peke yako.

Cha kurusha tulikiita nyumbani "bata wa turubai." Fundi viatu mmoja wa Kawangware hunishonea mpaka leo: kipande cha turubai, ndani yake chupa tupu ya maji ya nusu lita iliyokazwa kifuniko ili kielee, imezungushiwa matambara, na kamba ya katani mwisho wake ya kurushia. Cha mtoto kiwe kidogo, hata soksi iliyojazwa pamba inatosha. Cha mkubwa kikaribie kilo moja, uzito wa bata mwenyewe.

Anzia kwenye ujia wa nyumba, milango yote imefungwa, ili akishaokota pasiwe na pa kwenda ila kwako. Chuchumaa. Usimkimbilie, usimnyang'anye. Akifika na kifurushi chake, mpapase kwanza, umsifu akiwa bado amekishika, kisha ndipo uweke mkono chini ya taya na kusema "nipe." Rusha mara mbili au tatu, ukome angali anataka. Anapobadilisha meno, miezi minne hadi sita, acha kurusha kabisa, kwani akiumia fizi ataanza kukibwaga mguuni pako, na tabia hiyo haitoki kirahisi.

Na usivutane naye. Hili nalisema kwa uchungu wangu mwenyewe. Mwaka 1975 baba alikuwa akimlea mtoto wa Wino, dume, mwenye kichwa kizuri kuliko baba yake. Jioni, baba akiwa msikitini, nilikuwa nikicheza naye kuvutana gunia nyuma ya ghala. Nilipenda alivyokuwa akinguruma na kukaza. Miezi miwili baadaye alipewa njiwa aliyekufa abebe kwa mara ya kwanza. Alimleta haraka, akakaa vizuri, lakini baba alipomvuta njiwa, mbwa akakaza taya, na tukasikia mbavu za njiwa zikivunjika kama vijiti vya kiberiti. Baba alimweka ndege mezani, akamfungua kifua kwa kisu, akatazama. "Umekuwa ukivutana naye," akasema. Hakuniuliza. Hakunipiga pia. Tulijaribu miezi mitano kumrudisha, na yule mbwa, ambaye hakuwa na kosa, akaishia kupewa mchungaji wa ng'ombe huko Gilgil. Nina miaka sitini na zaidi na bado nikiona mtoto akivutana kamba na Labrador huinuka nilipokaa.

Akishaleta vizuri ujiani na uani, ndipo unamfundisha kungoja. Mkalishe. Rusha. Kisha nenda ukaokote mwenyewe. Ndiyo, wewe. Mbwa wangu Asali, jike wa manjano, katika kila mara kumi nilizorusha mwaka wake wa kwanza, sita niliokota kwa miguu yangu, yeye akinitazama. Hapo ndipo alipojua kwamba kuanguka kwa kitu si ruhusa, ruhusa ni jina lake. Jirani alidhani nimerukwa na akili. Leo naweza kutupa vifurushi vitatu mbele ya Asali katikati ya uwanja, watoto wakicheza kandanda ng'ambo, akakaa mpaka nimtaje.

Filimbi na mkono hufuata. Mlio mmoja mrefu ni simama, ukae, unitazame. Milio mifupi mifupi ni njoo. Mkono wa kulia, wa kushoto, na mkono uliopandishwa juu wa kumsukuma mbele. Tumia uwanja wa mtaa asubuhi mapema, weka kifurushi kila upande akiona, umtume kimoja kimoja. Baadaye weka asipoona. Siku atakayokwenda mahali asipoona chochote kwa sababu mkono wako umemwambia, utaelewa kwa nini baba yangu aliipenda kazi hii kuliko mshahara wake.

Kelele ziingizwe polepole. Huhitaji bunduki. Mtu apige sufuria kwa mbali mbwa akiwa anakula, kesho asogee hatua kumi, na kadhalika. Usimpeleke kutazama fataki za mwaka mpya eti azoee. Mbwa mmoja niliyeletewa alivunjwa moyo usiku huo mmoja, na mpaka alipokufa mlango ukibamizwa alijikojolea.

Maji ndiyo shida ya Nairobi. Bwawa la Nairobi pale Lang'ata limejaa magugu maji na uchafu wa mabomba, msimtie mbwa humo. Msitu wa Karura mbwa wanaruhusiwa wakiwa kambani, na ni pazuri kwa somo la kutembea kando yako bila kuvuta, lakini si pa kuogelea. Mimi nina rafiki mwenye shamba upande wa Ngong, ana bwawa dogo la kunyweshea ng'ombe, na ndiko hupeleka wanafunzi wangu. Tafuteni wenye mabwawa, ombeni kwa adabu, pelekeni hata kilo mbili za sukari. Nendeni mchana maji yakiwa yamepata jua. Kunja suruali, ingia wewe kwanza, mbwa atafuata. Asitupwe majini hata siku moja. Anayetupwa hujifunza kwamba wewe na maji ni kitu kimoja cha kuogopa. Kukiwa na bata au korongo bwawani, rudini nyumbani siku hiyo. Na wewe uliyeingia majini ukumbuke kichocho, ukitoka ujikaushe mara moja.

Kupe ni adui kuliko maji. Kila mkitoka nyasini mpekue masikioni, kwapani, katikati ya vidole. Homa ya kupe huanza kwa kukosa hamu ya kula, ufizi ukapauka. Na Labrador akikataa chakula usingoje jioni, mpeleke kwa daktari wa mifugo saa hiyo hiyo. Mbwa huyu haachi kula kwa sababu ameshiba. Mwaka 2016 watafiti wa Cambridge walionyesha kwamba karibu robo ya Labrador wana jeni, yaani kinasaba, yenye pengo, na mwili hauwaambii vizuri kwamba wameshiba. Kwa hiyo kipimo cha chakula ni mkono wako, si macho yake. Ukipapasa mbavu bila kubonyeza uzihisi. Bosi alikuwa analishwa ugali na matumbo bakuli zima mara mbili kwa siku, na alipofika kwangu alihema kwa kupanda ngazi nne.

Kuna wenzangu wa rika langu wataisoma barua hii na kusema nimelainika, kwamba mbwa hujua fimbo. Nimefanya kazi na fimbo. Kazini tulifunza mbwa wa lango kwa fimbo na mnyororo, na sikatai kwamba walibweka. Lakini ritriva hufanya kazi mbali nawe, mita sitini, mia, mahali fimbo haifiki, na anachokifuata huko ni imani kwamba mkono wako haumdanganyi. Ukanda wa shingoni wa kumpiga mbwa umeme wapo wanaoutumia Marekani. Wales waliupiga marufuku mwaka 2010. Mimi sijaugusa na sitaugusa.

Mtaniuliza, bila bata, mbwa huyu ana faida gani mjini? Mke wangu ana magoti mabovu. Kibanio cha nguo kikianguka, funguo zikianguka, fimbo yake ikianguka, Asali humwokotea na kumwekea kiganjani, kwa mdomo ule ule laini. Nchi nyingi Labrador huongoza vipofu na kunusa mabomu. Yote hayo ni kuokota bata kwa jina lingine, yaani kutumwa, kurudi, kukabidhi.

Ninaloomba kwa wauzaji ni kusema kweli kuhusu mbwa wanaowauza. Anayetaka mlinzi aambiwe aende kwa mbwa mwingine, wako, na ni wazuri kwa kazi yao. Anayenunua Labrador au goldeni aambiwe kwamba ananunua robo saa ya asubuhi na robo saa ya jioni, kila siku, na kwamba banda la kufungiwa mchana kutwa ni jela ya mbwa huyu.

Bosi sasa ana majuma mawili ya mafunzo. Nimemwambia kijana avunje mlango wa lile banda uliobaki. Siku nane za kwanza hatukurusha kitu chochote, tulifundisha "kaa" tu. Jumamosi iliyopita nikamkalisha kwenye ujia wangu, nikatupa bata wa turubai, akatetemeka mwili mzima kama injini ya matatu, lakini makalio hayakuinuka. Nikahesabu mpaka nne. Kijana ndiye aliyetaja jina. Bosi akaenda, akarudi moja kwa moja, akanipita mimi, akakiweka kifurushi kwenye mikono ya kijana, akamtazama usoni. Kijana hakujua la kusema. Akaniuliza, "Sasa nimpe nini, mzee?" Nikamwambia mpapase kifuani kwanza.

Jumamosi hii tunampeleka Ngong kuyaona maji. Nimemwambia aje saa nne na taulo kuukuu, na asimlishe asubuhi.

Mfunza mbwa mstaafu,
Waithaka, Nairobi